Vita vya Vijitabu Juu ya Ndui

Mwanzoni mwa karne ya 18, wakati ndui ilipokuwa ikiua watu wengi Uingereza, palizuka mabishano makali juu ya dai moja: kwamba mtu mwenye afya akiambukizwa ndui kwa makusudi ataugua kidogo tu, na baada ya hapo hataugua tena.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi. Ngozi ilichanjwa, kisha katika chale hiyo ukatiwa usaha kidogo wa kipele cha mgonjwa wa ndui. Lady Mary Wortley Montagu aliiona desturi hiyo Uturuki mwaka 1717, na Aprili 1721 alimtaka daktari Charles Maitland amchanje binti yake mjini London. Agosti mwaka huohuo walichanjwa wafungwa 6 wa gereza la Newgate waliohukumiwa kufa. Wote walipona, wakaachiliwa.

Hapo wapiga chapa wakapata kazi. Mwaka 1722 kasisi Edmund Massey alihubiri kwamba maradhi hutoka kwa Mungu, hivyo si halali binadamu kuyaleta kwa mkono wake; mahubiri hayo yakachapwa. Daktari William Wagstaffe naye alichapisha barua ya kuidharau desturi iliyotoka kwa wanawake wasio na elimu. Wapinzani walikuwa pia na hoja nzito zaidi: baadhi ya waliochanjwa walikufa, na aliyechanjwa aliweza kumwambukiza jirani yake ndui kali.

James Jurin, katibu wa Royal Society, hakujibu kejeli kwa kejeli. Aliwaomba madaktari wamwandikie idadi ya waliochanjwa na ya waliokufa. Thomas Nettleton wa Halifax alimpelekea hesabu za wagonjwa wa kawaida. Kuanzia mwaka 1723 Jurin alizichapisha hesabu hizo katika vijitabu. Ilionekana kwamba katika wagonjwa wa kawaida alikufa mtu 1 kati ya 5 au 6. Katika waliochanjwa, 1 kati ya 50 hivi.

Hata hivyo, hatari ya kuwaambukiza majirani ilibaki. Ilipata dawa baada ya mwaka 1796, Edward Jenner alipotumia usaha wa ndui ya ng'ombe, usioeneza ndui yenyewe. Chanjo iliyotokana na ugunduzi huo ndiyo iliyoufuta ugonjwa: mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977.

Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi swali hili: iwapo waliochanjwa wengi walikuwa watu wenye afya na chakula cha kutosha, je, ulinganisho wa Jurin ulikuwa wa haki? Wangehesabiwa akina nani zaidi?