Usiache Zahanati, Uliza

Labda ulikwenda zahanati mara mbili una homa. Ulipewa vidonge bila kupimwa damu. Homa haikuisha. Sasa huna imani na mganga. Sababu unayo. Lakini usikae nyumbani na homa. Malaria huweza kumwua mtoto kwa siku chache.

Si kila homa ni malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Tone la damu ya kidole linatosha. Ngojea majibu dakika 20 hivi.

Rudi zahanati. Uliza: Ninaumwa nini? Dawa hii ni ya nini? Ninywe vipi? Sisi waganga tuna wajibu wa kujibu. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa kamati ya zahanati.