Fundi Aliyechonga Sura za Mahasimu

Msomaji akiishika noti mpya ya fedha na kuipapasa kwa ncha ya kidole palipo na picha ya mtu, aghalabu atahisi mistari midogo midogo iliyoinuka juu ya karatasi. Huo ni wino uliotolewa katika mifereji iliyochongwa ndani ya bamba la madini. Ufundi huo ni mkongwe kuliko kamera kwa karne nyingi. Zamani hizo, raia wa kawaida alikuwa na njia chache mno za kuijua sura ya mtawala wake au ya mshairi ampendaye, na iliyo bora kati ya hizo ilikuwa mkono wa mchonga shaba. Leo twapenda kumzungumzia mmoja wa mafundi hao, William Faithorne wa London, kwa kuwa maisha yake yazua swali ambalo sisi wa magazeti twakutana nalo kila siku: je, mtu aliye na upande wake aweza kuionyesha kwa haki sura ya mtu wa upande wa pili?

Faithorne alizaliwa London mwanzoni mwa karne ya 17, akawa mwanagenzi katika nyumba ya akina Peake, wauzaji wa picha. Mwaka 1642 vita vilizuka baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake. Bwana wake, Robert Peake, aliacha duka akashika upanga kwa ajili ya mfalme, na kijana akamfuata. Wote wawili wakajikuta ndani ya Basing House, jumba lenye ngome katika jimbo la Hampshire, lililozingirwa na majeshi ya Bunge mara baada ya mara. Tarehe 14 Oktoba 1645 Oliver Cromwell aliliteka jumba hilo na likateketea. Miongoni mwa mateka alikuwamo Inigo Jones, mjenzi mashuhuri wa majumba ya kifalme, mzee wa miaka 72. Faithorne alipelekwa London, akafungwa Aldersgate.

Hakukaa bure kifungoni, bali aliendelea kuchonga sura ndogo ndogo kwenye shaba. Hata hivyo alikataa kuuapia utawala mpya, akafukuzwa nchini akaenda Ufaransa. Uhamisho huo ulimfaa, kwani huko alikutana na kazi ya Robert Nanteuil, mchonga sura hodari kuliko wote wa zama zile. Aliporejea London, yapata mwaka 1650, mfalme alikuwa amekwisha kukatwa kichwa, na Faithorne akafungua duka nje kidogo ya lango la Temple Bar.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya kazi yenyewe, maana asiyeijua hawezi kumpima mwenye kuitenda. Fundi hulilaza bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa kama kioo, juu ya mto mdogo wa ngozi. Mkononi ana kichongeo cha feleji chenye ncha iliyokatwa mshazari, na mpini wake hukaa katika kitanga cha mkono. Hakivuti kama kalamu, bali hukisukuma mbele, na apatapo kona huzungusha bamba kwa mkono wa pili. Hana rangi. Shavu, kivuli cha pua, unyevu wa jicho, yote hayo ni mistari tu: minene na myembamba, iliyosongamana na iliyoachana, mahali pengine ikikatana. Tena humchonga mtu kinyume, kushoto kuwe kulia, kwa sababu karatasi itageuza. Kisha wino hupakwa ukaingia katika mifereji, uso wa bamba ukafutwa safi, karatasi iliyoloweshwa ikawekwa juu, na vyote vikapitishwa kati ya magogo mawili ya shinikizo. Akikosea mstari, hukwangua shaba na kuigonga kwa nyuma hadi isawazike, ndipo aanze tena.

Shaba inayoweza kukwanguliwa yaweza pia kusema lolote. Pierre Lombart, Mfaransa aliyefanya kazi London siku hizo hizo, ana bamba moja la mpanda farasi ambalo kichwa chake kilibadilishwa zaidi ya mara moja, mara Cromwell, mara Mfalme Charles. Farasi ni yule yule.

Je, Faithorne naye alikuwa wa namna hiyo? Mwenye kutaka kumshitaki anao ushahidi. Mwaka 1658 alichonga bamba kubwa la kumtukuza Cromwell, mtu yule yule aliyemteka, akimwonyesha amesimama kati ya nguzo mbili katika mavazi ya vita, katikati ya mafumbo ya misukosuko ya Uingereza na raha iliyotarajiwa. Hatukatai kwamba huenda tumbo lilikuwa na sauti katika jambo hilo. Mwaka huo huo alichonga ramani kubwa ya London kutokana na vipimo vya Richard Newcourt, na mwenye duka hujua wateja wake ni akina nani.

Lakini sisi hatumwiti kigeugeu. Mwaka 1662, ufalme ukiwa umekwisha kurudi, alitoa kitabu cha kufundisha uchongaji wa shaba, kwa kisu na kwa tindikali, akitegemea sana kile cha Mfaransa Abraham Bosse cha mwaka 1645. Alikitabaruku kwa Sir Robert Peake, bwana wake wa dukani na kamanda wake wa Basing. Mtu aliyesahau alikotoka asingefanya hivyo.

Samuel Pepys, mtumishi wa idara ya jeshi la majini, aliyeandika shajara mashuhuri, atuonyesha fundi huyu kazini. Novemba 1666, miezi miwili baada ya moto mkubwa ulioteketeza sehemu kubwa ya London, aliingia dukani humo akaona picha ya chaki ya rangi ya Lady Castlemaine, hawara wa Mfalme Charles wa Pili, iliyonakiliwa na Faithorne kutoka kwa mchoraji Lely. Pepys akaitaka papo hapo. Fundi akamwambia angoje: bado aihitaji ili asahihishe bamba lake, akimaliza ndipo atamwuzia. Fedha ilikuwa mezani, naye akaiambia isubiri. Desemba mosi Pepys alirudi akanunua chapa tatu zilizopigwa siku ile ile.

Tumelikawiza la Milton makusudi. John Milton alikuwa katibu wa utawala uliomwua mfalme, na kwa kalamu yake aliwatetea waliofanya hivyo. Ufalme uliporudi mwaka 1660 vitabu vyake vilichomwa moto, naye akawekwa kizuizini kwa muda. Ana kisa chake na wachongaji. Diwani yake ya mwaka 1645 ilitolewa na picha iliyochongwa na William Marshall, mbaya kupita kiasi. Milton akaandika beti za Kiyunani za kumkejeli mchongaji, na Marshall, asiyejua Kiyunani, akazichonga kwa uaminifu chini ya kazi yake mwenyewe. Kwa kweli twamwonea huruma.

Mwaka 1670 kitabu cha Milton cha historia ya Uingereza kilihitaji picha, na aliyeitwa ni Faithorne. Alimchora mbele ya macho yake, kama alivyoandika mwenyewe kwenye bamba, Milton akiwa na umri wa miaka 62. Tazameni hali ilivyokuwa: askari wa mfalme, ambaye upande wake sasa ndio ulioshinda, ameketi mbele ya adui wa mfalme, kipofu, asiyeweza kuona anachofanyiwa. Ilikuwa rahisi kumnunisha au kumfanya kikaragosi. Katika chapa ile hatuoni kisasi wala sifa za bure. Twaona nywele zilizoshuka mabegani, ukosi mweupe usio na madoido, makunyanzi ya uso uliochoka, na macho yaliyo wazi, kwani upofu wa Milton, kama yeye mwenyewe alivyokuwa amekwisha kueleza, haukuacha alama kwa nje.

Faithorne alihamia mtaa wa Blackfriars uzeeni, akashughulika zaidi na picha za chaki, akafa mwaka 1691. Mwanawe, aliyeitwa William kama yeye, alifuata kazi hiyo.

Miaka mingi baadaye ilitokea picha ya chaki ya Milton, yenye kufanana mno na ile chapa ya mwaka 1670. Jonathan Richardson alisimulia kwamba ilipelekwa kwa Deborah, binti wa mshairi, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzee. Alikuwa ameondoka nyumbani kwa baba yake angali kijana, na hawakuwa wameachana kwa wema. Alipoiona akapaza sauti kwamba huyu ni baba yake, baba yake mpenzi, kisha akaanza kuwaonyesha kwa kidole waliokuwapo, hapa na hapa, usoni.