Kijana Wetu Anafanya Kazi ya Usonji Marekani: Ni Kazi Gani Hiyo?

Mwezi huu tunajibu swali ambalo tumelisikia zaidi ya mara moja kutoka kwa wazazi wenye vijana wao Marekani. Kijana amepiga simu nyumbani akasema amepata kazi katika kampuni inayotoa tiba kwa watoto wenye usonji. Wazazi wanauliza: Je, amekuwa mwuguzi? Mbona anasema ameng'atwa na mtoto? Na wengine, ambao wana mtoto wa namna hiyo hapa nyumbani, wanauliza kama tiba hiyo ingemfaa.

Kwanza tuelewane juu ya usonji wenyewe. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana maishani. Mtoto huchelewa kusema au husema kwa namna yake, hushikilia jambo moja, huchukia mabadiliko, na kelele au mguso ambao wengine hawaujali waweza kumtesa. Si laana, si malezi mabaya ya mama, wala haileti chanjo. Ile makala ya mwaka 1998 iliyosingizia chanjo ya surua ilifutwa na jarida lililoichapa mwaka 2010. Tunalirudia hili kila tupatapo nafasi, kwa maana bado wapo akina mama wanaokwepa kliniki kwa ajili ya uvumi huo.

Kazi hii ilikotoka

Tiba inayotolewa zaidi kule ni ya kumfundisha mtoto stadi kwa hatua ndogo ndogo, na kumpa kitu akipendacho kila anapofaulu. Ilipata sifa kubwa mwaka 1987, wakati Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipotangaza matokeo ya watoto 19 waliofundishwa kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, miaka miwili au zaidi. Alisema 9 kati yao waliweza kusoma shule ya kawaida. Wengine waliyatilia shaka matokeo hayo, kwa sababu watoto hawakugawanywa katika makundi kwa kura. Tena, siku zile mtoto aliyekosea aliweza kukaripiwa kwa sauti kubwa na hata kupigwa kibao pajani, jambo ambalo vituo vya kawaida vimeliacha.

Baadaye wazazi walidai bima ilipe, na kufikia mwaka 2019 majimbo yote 50 yalikuwa na masharti ya kuitaka bima igharimie tiba ya usonji. Fedha ilipoingia, kampuni nazo ziliota kama uyoga. Watoto pia ni wengi: taarifa ya serkali yao ya mwaka 2025 ilionyesha mtoto 1 kati ya 31 wenye umri wa miaka 8 katika maeneo yaliyochunguzwa. Kwa hiyo wafanyakazi wanatafutwa kila siku, na wageni hupata nafasi upesi.

Siku ya mhudumu

Kijana wako si mwuguzi. Ni mhudumu wa tiba, ngazi ya chini kabisa. Ili apate cheti chake hutakiwa awe na umri wa miaka 18, awe amemaliza sekondari, ahudhurie mafunzo ya saa 40, apimwe kwa vitendo na kufaulu mtihani. Saa 40 ni wiki moja ya kazi. Sisi tuliosomea uuguzi kwa miaka tunashangaa kidogo, lakini ndivyo ulivyo utaratibu huo tangu mwaka 2014. Juu yake yupo msimamizi mwenye shahada ya uzamili, ambaye humpima mtoto na kuandika mpango. Mhudumu ndiye anayeutekeleza, nyumbani kwa mtoto, kituoni au shuleni.

Tuchukue mfano wa kunawa mikono. Kwa mtoto wa kawaida unasema mara moja, “Nenda kanawe.” Hapa jambo hilo hukatwa vipande: fungua bomba, lowesha mikono, chukua sabuni, sugua, suuza, funga bomba, jifute. Mhudumu humshika mkono kwa upole katika hatua ya kwanza, kesho humgusa kiwiko tu, keshokutwa humwonyesha kwa kidole, hadi mtoto aweze mwenyewe. Kila jaribio huandikwa katika kompyuta ndogo ya mkononi. Hatua moja yaweza kuchukua wiki tatu. Halafu asubuhi moja mtoto afunga bomba bila kuambiwa, na waliokuwapo hushangilia kana kwamba timu yao imefunga bao. Wahudumu wengi husema hicho ndicho kinachowafanya warudi kesho yake.

Kazi yenyewe hufanyika sakafuni. Mhudumu hupuliza mapovu ya sabuni, huimba wimbo uleule mara ishirini, hubadilisha nepi, hufundisha choo. Akiwa na mtoto asiyesema, humfundisha kutoa picha ya kikombe anapotaka maji, na hiyo ni lugha tayari. Na ndiyo, hung'atwa, hupigwa mateke na kuvutwa nywele. Hufundishwa kutorudisha ukali bali kujiuliza: mtoto huyu anataka nini? Anakimbia kazi ngumu? Anataka kutazamwa? Anataka kitu fulani, au mwili wenyewe una dai lake? Hapa tunaongeza neno letu la kiuguzi. Mtoto asiyeweza kusema, akianza ghafla kujipiga kichwa, atazamwe kwanza meno na masikio, na aulizwe mama yake kama amepata choo. Maumivu ya jino hayaponi kwa kufundishwa tabia.

Palipo na uzito

Malipo ni kwa saa, na mara nyingi ni zile saa tu alizokaa na mtoto. Bima huhesabu muda kwa vipande vya dakika 15. Mtoto akipata homa, kikao hufutwa na fedha hupungua. Kijana aweza kuondoka nyumbani saa 1 asubuhi, akarudi saa 2 usiku, na katikati akawa amelipwa saa 5 tu, saa nyingine zikiishia barabarani au ndani ya gari akisubiri. Wazazi wanaongoja fedha ya ada kutoka kwake wangefaa kulifahamu hilo kabla ya kumlaumu.

Usimamizi nao ni mdogo. Kanuni hudai mhudumu asimamiwe angalau asilimia 5 ya saa zake za tiba kila mwezi. Maana yake, katika saa 100 alizo na mtoto, 95 zaweza kupita bila mkubwa wake kuwapo. Kwa hiyo mtu mwenye mafunzo mafupi kuliko wote ndiye anayekaa na mtoto muda mrefu kuliko wote. Ndiye anayejua kwamba mtoto huyu hutulia akifunikwa blanketi zito, na kwamba yule huogopa sauti ya mashine ya kukaushia mikono. Naye, kwa malipo yale na uchovu ule, huwa wa kwanza kuacha kazi. Mtoto ambaye shida yake kubwa ni mabadiliko huletewa mgeni mwingine. Kwa maoni yetu hili ndilo donda la kazi hii, kuliko mateke na kung'atwa.

Wenye mitaji mara nyingine huongeza shida. Kampuni iitwayo Center for Autism and Related Disorders ilianza California mwaka 1990, ikanunuliwa na Blackstone, kampuni ya wawekezaji, mwaka 2018, na kufikia Juni 2023 ilikuwa mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Matawi katika majimbo kadhaa yalifungwa. Mtoto hajui mufilisi ni nini. Anajua tu kwamba yule dada haji tena.

Jambo jingine ni sahihi. Kila kikao mhudumu hutia sahihi saa alizofanya, na karatasi hiyo ndiyo hoja ya kudai fedha. Desemba 2024 wapelelezi wa serkali walipekua vituo viwili vya usonji huko Minnesota kwa tuhuma za madai ya uongo, na kesi zimefuata. Wazazi, mwambieni kijana wenu asitie sahihi saa ambazo hakufanya, hata mkubwa akimsihi. Mgeni mwenye kibali cha kuishi atapoteza zaidi ya kazi.

Tena wapo watu wazima wenye usonji, waliopitia tiba hii utotoni, wanaoilaumu. Wanasema walilazimishwa kutazama watu machoni na kuacha kupigapiga viganja, ambavyo vilikuwa vinawatuliza, ili tu waonekane kama wengine. Vituo vyema vimewasikia na kubadilika, vingine bado. Sisi tunaona saa 40 kwa wiki ni nyingi mno kwa mtoto wa miaka mitatu. Anahitaji pia kulala na kucheza matope.

Kwa mliobaki na mtoto hapa nyumbani

Kampuni za namna hiyo hatunazo parokiani, lakini Shirika la Afya Duniani linayo mafunzo kwa wazazi wenyewe, vikao 9 vya kikundi na mara 3 za kutembelewa nyumbani. Ulizeni hospitalini kwenu kama yanatolewa. Wakati mnangoja, anzeni na jambo moja: chagueni kazi moja ndogo ya kila siku, ikateni vipande, tumieni neno lilelile, ngojeni ahesabu yake kichwani, na mfurahieni papo hapo akijaribu.

Na kwa kijana aliyeko kule, akiamua kuacha kazi, aombe wiki mbili za kukaa sakafuni pamoja na atakayempokea, mtoto akiwaona wote wawili. Aandike katika ukurasa mmoja kile kinachomtuliza mtoto, kinachomwogofya na wimbo aupendao, na mama wa mtoto abaki na nakala yake.