Gemu za Video na Afya ya Akili: Zinasaidia Wapi, Zinadhuru Wapi?

Shule zinapofungwa, malalamiko huwa yale yale katika mabaraza ya machifu na mikutano ya wazazi. Watoto wamehamia kwenye vibanda vya PlayStation, na waliobaki nyumbani hawainui macho kutoka kwenye simu. Wapo wazazi wanaowafuata huko na fimbo mkononi.

Malalamiko haya yana msingi, lakini hayaelezi yote. Kwa zaidi ya miaka ishirini, madaktari na watafiti katika nchi mbalimbali wamechunguza jinsi gemu zinavyoweza kumsaidia mgonjwa, hasa kijana. Makala haya yanaeleza walichogundua, hatari zilizopo, na jinsi mzazi anavyoweza kutofautisha mchezo unaomjenga mwanawe na ule unaombomoa.

Mchezo uliotengenezewa wagonjwa

Kwa kijana aliyechoshwa na ugonjwa na madhara ya dawa, kumeza vidonge kila siku, mwezi baada ya mwezi, ni mzigo mzito. Wahudumu wetu wa afya wanalijua tatizo hili vyema kwa wagonjwa wa kisukari, kifua kikuu na maradhi mengine yanayohitaji tiba ya muda mrefu.

Mwaka wa 2006, shirika la HopeLab la Marekani lilitoa mchezo uitwao Re-Mission kwa ajili ya vijana wenye saratani. Mchezaji huongoza roboti mdogo anayeitwa Roxxi, ambaye husafiri ndani ya mwili wa mgonjwa akishambulia seli za saratani na kupambana na bakteria. Kupitia vita hivyo, kijana anaona kwa macho yake kazi ambayo dawa hufanya mwilini.

Watafiti waliujaribu mchezo huo kwa wagonjwa 375 wa umri wa miaka 13 hadi 29, katika vituo 34 vya matibabu nchini Marekani, Kanada na Australia. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008. Waliopewa Re-Mission walizingatia dawa zao zaidi kuliko waliopewa mchezo wa kawaida pekee, na waliuelewa ugonjwa wao zaidi. Hata hivyo, msongo wao wa mawazo haukupungua kuliko wa wenzao. Mchezo ulisaidia pale ulipolengwa kusaidia, basi.

Mawazo mazito na kumbukumbu za ajali

Nchini New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland walitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao SPARX kwa vijana wenye dalili za ugonjwa wa mfadhaiko. Una hatua saba. Katika kila hatua mchezaji hujifunza mbinu ambazo mshauri nasaha angemfundisha: kutuliza pumzi, kutatua tatizo moja baada ya jingine, na kutambua mawazo yanayomwambia kuwa hafai. Katika utafiti wa vijana 187 uliochapishwa mwaka wa 2012, SPARX ilisaidia kwa kiwango sawa na huduma ya kawaida ya ushauri. Hilo ni jambo kubwa kwa kijana anayeishi mbali na mshauri, au anayeona aibu kuingia kwenye ofisi yake.

Utafiti mwingine unagusa jambo tunalolijua vizuri kwenye barabara zetu. Mtu aliyenusurika ajali mara nyingi huandamwa na picha za tukio hilo, zinazomjia bila kuitwa. Mjini Oxford, Uingereza, watafiti walikutana na manusura 71 wa ajali za barabarani wakiwa bado hospitalini, saa chache tu baada ya ajali. Baadhi yao waliombwa wakumbuke tukio kwa muda mfupi, kisha wakacheza Tetris, ule mchezo wa zamani wa kupanga vipande vinavyoanguka. Katika wiki iliyofuata, picha za ajali ziliwajia mara chache kuliko wenzao ambao hawakucheza. Maelezo ya watafiti ni kwamba sehemu ya akili inayoshughulikia picha ilikuwa na kazi nyingine wakati ambapo kumbukumbu ilikuwa bado haijakomaa. Jaribio hilo liliongozwa na wataalamu. Manusura wa ajali anayekosa usingizi kwa sababu ya kumbukumbu hizo bado anahitaji kuonana na mhudumu wa afya.

Walidhani yuko peke yake

Mats Steen wa Norway alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli kidogo kidogo na kuwapata hasa wavulana. Alitumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, na alitumia maelfu ya saa kwenye mchezo wa World of Warcraft. Wazazi wake walisikitika wakiamini kuwa mtoto wao anaishi maisha ya upweke, bila rafiki.

Alifariki mwaka wa 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Baba yake alipotangaza kifo hicho kwenye ukurasa wa intaneti ambao Mats alikuwa akiandika, barua pepe za rambirambi zilianza kumiminika kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Zilitoka kwa wachezaji wenzake waliomjua kwa jina la Ibelin. Walieleza jinsi alivyowasikiliza na kuwashauri, na jinsi alivyomsaidia mama mmoja kumkaribia tena mwanawe mwenye usonji kupitia mchezo huo. Baadhi yao walisafiri hadi kwenye mazishi. Filamu kuhusu maisha yake ilitolewa mwaka wa 2024.

Wachezaji hao walikuwa na kundi lao lililoitwa Starlight, lililokutana mchezoni mara kwa mara. Tunaweza kulilinganisha na chama cha akina mama kijijini: kila mmoja anajulikana, na asiyefika huulizwa aliko. Kwa mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani, kuulizwa aliko ni sehemu ya tiba. Kwa muda mrefu Mats hakuwaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake. Alitaka kwanza wamjue yeye.

Katika kaunti yetu kuna vijana wanaokaa ndani kwa sababu ya ulemavu au maradhi. Kabla ya kuwanyang'anya simu, tuulize wanazungumza na nani.

Mchezo unapogeuka kuwa tatizo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linatambua uraibu wa gemu kama ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kushindwa kudhibiti muda wa kucheza, kuutanguliza mchezo kuliko shughuli nyingine zote, na kuendelea hata baada ya kuona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa takriban miezi 12. Mtoto anayecheza sana wakati wa likizo si lazima awe mraibu.

Gemu pia si kamari. Kuna michezo ya simu yenye rangi na sauti za kuvutia ambayo kwa hakika ni ya kuweka pesa na kubahatisha. Kamari ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18, na haihesabiwi kama burudani ya watoto.

Mzazi afanye nini?

• Keti naye akuonyeshe anachocheza. Uliza anacheza na nani, na kama mchezo unadai pesa.
• Chunguza alichoacha. Je, bado analala, anakula, anasoma na kuonana na marafiki?
• Kubalianeni kuhusu muda, hasa usiku. Mpe onyo kabla ya kuzima.
• Mfunze asimpe mtu wa mtandaoni picha zake, jina la shule wala mahali anapoishi, na akuambie mara moja akiombwa.
• Usiache dawa wala kliniki kwa sababu mchezo unamtuliza.

Pa kupata msaada

Kwa mujibu wa Katiba, vituo vya afya vya kaunti viko chini ya serikali ya kaunti. Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au zahanati iliyo karibu, nao watakuelekeza kwa mtaalamu. Anayefikiria kujidhuru asiogope kusema: mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria iliyofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai inakiuka Katiba.

Ushauri nasaha wa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya unapatikana bila malipo kwa nambari 1199. Kwa masuala ya watoto, piga 116, pia bila malipo.