Chembe Nyepesi na Nuru Kongwe

Mwalimu wa Kiswahili hapa Mvara, Arua, akipewa makala ya fizikia aitafsiri, huenda akajikwaa kwenye neno moja. Kiingereza hutumia neno lilelile kwa nuru na kwa kitu chepesi. Kiswahili hutenganisha: chembe nyepesi si chembe za nuru.

Mfano ni aksioni, chembe nyepesi mno kuliko elektroni. Zimo katika nadharia tu, hakuna aliyezigundua. Frank Wilczek alizipa jina hilo mwaka 1978 kutokana na sabuni ya kufulia.

Njia mojawapo ya kuzitafuta ni kuchunguza nuru kongwe ya ulimwengu. Nuru hiyo ilianza safari takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita, na leo hutufikia kutoka pande zote za anga kama mawimbi ya mikrowevu. Sehemu yake hutetemeka kwa mwelekeo maalumu. Chembe za jamii ya aksioni, ikiwa zipo, huenda zimeuzungusha mwelekeo huo kidogo njiani. Mwaka 2020 Yuto Minami na Eiichiro Komatsu walichambua vipimo vya setilaiti ya Planck, wakapata mzunguko wa nyuzi 0.35 hivi. Ushahidi huo bado hautoshi kuitwa ugunduzi.

Hapo ndipo sarufi inapobeba sayansi. Tukiandika "zimeuzungusha" tumedai chembe zipo. Tukiandika "zingeuzungusha" tumedokeza hazipo. "Huenda" ndilo neno la mtafiti mwaminifu, na mwanafunzi asilifute.