Pesa ya Nyanya, Simu ya Nani?

Kwa wengi wetu, simu ndiyo benki. Lakini kuna wazee ambao pesa yao inaingia kwenye laini isiyo yao.

Chukua mfano wa Inua Jamii. Mpango huu wa serikali huwapa shilingi 2,000 kwa mwezi wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi, familia zinazolea mayatima, na watu wenye ulemavu mkubwa. Sasa, msaada kama huo, au pesa ya matumizi kutoka kwa watoto walio mjini, ukitumwa kwa laini ya mjukuu, mwenye pesa ni nani?

Kwenye mtandao, ni yule aliyesajili laini. Mjukuu akiwa amefuliza, pesa ikiingia tu, deni linakatwa kwanza. Simu ikipotea, nyanya hawezi kurudishiwa laini kwa sababu jina si lake. Kwa wakala pia, kitambulisho chake hakitalingana.

Mara nyingi hakuna mwizi hapo, ni mazoea tu. Lakini anayejua simu anakuwa na sauti juu ya pesa ya asiyejua. Hivi ndivyo unavyoweza kusaidia bila kumpokonya mwenyewe sauti hiyo:

- Laini iwe kwa jina lake. Bonyeza *106# kwenye simu yake uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mulika mwizi inatosha, si lazima simu ya bei.
- PIN achague na kubonyeza mwenyewe. Wewe mwonyeshe hatua, halafu geuka kando. Asitumie mwaka wake wa kuzaliwa.
- Msomee meseji kwa sauti. Kiasi kilichoingia, kilichotoka na salio.
- Hesabu isipolingana, uliza mapema. Mpigie huduma kwa wateja simu akiwa hapo karibu, aombe taarifa ya akaunti yake. Kama ni pesa ya Inua Jamii, fika kwa chifu au kwa afisa wa huduma za jamii wa eneo lenu.

Na wewe afisa au mhudumu wa afya ya jamii unayepita nyumba kwa nyumba, asante kwa kazi hiyo. Hata hivyo, PIN ya mzee usiiulize, na akitaka kukutajia, mkataze kwa upole.

Ukienda ushago wikendi hii, anza na swali moja: "Nyanya, hii laini ni ya nani?"