Kutoka Mengo hadi Thailand: Mpango wa Likizo Huanza na Mvua

Mkazi wa Mengo, kilima cha Kampala kilicho makao ya ufalme wa Buganda, anayekusudia kwenda Thailand kwa mapumziko huvutiwa kwanza na picha za fukwe, ilhali kinachoamua zaidi kama safari yake itamfaa ni majira ya mvua. Kampala, kwa kuwa iko karibu mno na Ikweta, hupata misimu miwili ya mvua, mmoja wa Machi hadi Mei na mwingine wa Septemba hadi Novemba. Thailand, iliyo mbali zaidi upande wa kaskazini, hutawaliwa na pepo zinazogeuza mwelekeo kila nusu mwaka, ndizo zile zile ambazo mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wamezijua kwa karne nyingi kwa majina ya kusi na kaskazi. Kusi, baada ya kuvuka Ikweta na kujaa unyevu wa bahari, huzipiga fukwe za magharibi, kama vile Phuket na Krabi, kuanzia Mei hadi Oktoba, na mawimbi huwa makali kiasi kwamba kuogelea ni hatari. Kisiwa cha Samui, kilicho upande wa mashariki katika Ghuba ya Thailand, huwa na nafuu katika miezi hiyo, lakini hulowa sana kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hivyo mwalimu wa Mengo anayesubiri shule zifungwe mwezi Agosti afadhali aelekee Samui, na anayesafiri Januari aelekee Phuket.

Baada ya majira huja hati. Viza ya Thailand huombwa kwa njia ya mtandao, na ubalozi unaohusika na Uganda uko Nairobi. Tena tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza fomu ya kuingia nchini mtandaoni katika siku tatu kabla ya kufika, bila malipo yoyote, kwa hiyo tovuti inayodai ada kwa fomu hiyo ni ya kukwepwa. Hati inayosahaulika kwa urahisi ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Thailand huwadai wasafiri wanaotoka Uganda. Ugonjwa huo haupo Asia, lakini mbu anayeweza kuueneza yuko tele huko, na ndiyo sababu ya ukali huo. Chanjo sharti ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kwa kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika mwaka 2016 hudumu maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa kwamba ni ya miaka 10.

Mbu huyo huyo ndiye anayeeneza kidingapopo, homa ya virusi inayoambatana na maumivu makali ya viungo, naye huuma mchana. Chandarua, ambacho Kampala ni silaha ya usiku dhidi ya mbu wa malaria, hakitoshi kumzuia. Dawa ya kupaka na mikono mirefu ndivyo vinavyohitajika, hata katikati ya jiji la Bangkok.

Katika adabu, mtu wa Mengo ana faida ambayo watalii wengi hawana. Buganda, ambayo ufalme wake ulifutwa mwaka 1967 na kurejeshwa mwaka 1993, bado humpigia Kabaka, mfalme wake, magoti, na mwanamke wa Kiganda aketipo mkekani hukunja miguu upande mmoja. Mkao unaokaribiana sana na huo ndio unaohesabiwa kuwa wa heshima katika mahekalu ya Thailand, ambako ni utovu wa adabu kuelekeza nyayo kwenye sanamu ya Buddha. Katika Kasri Kuu la Bangkok, lililoanza kujengwa mwaka 1782, mabega na magoti lazima yafunikwe, sharti ambalo aliyezoea mavazi marefu ya Kiganda, gomesi na kanzu, hataliona geni. Lililo zito zaidi ni sheria: kifungu cha 112 cha kanuni za adhabu humpa anayemtusi mfalme, malkia au mrithi wa kiti kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na mgeni hasamehewi kwa ugeni wake, wala maneno yaliyoandikwa kwenye simu hayahesabiwi kuwa mzaha.

Chakula hakina haja ya maandalizi makubwa. Ndizi, ambayo Waganda huiona kuwa yao tangu enzi na enzi, wataalamu wanasema asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na Guinea Mpya, ingawa aina za matoke zilistawi na kuongezeka huku Afrika Mashariki. Mgeni atakayetafuta matoke Bangkok huenda asiyapate, kwani huko ndizi hukaangwa na kuuzwa barabarani, au hufungwa ndani ya jani la mgomba pamoja na wali mzito uliopikwa kwa tui la nazi, kisha hutiwa mvuke na kuliwa kama kitafunio kitamu.